Siku ya Tatu ya Mgeni: Tengeru na Miji Iliyozaliwa na Ukimbizi

Mto Rau huteremka kutoka misitu ya Kilimanjaro, ukapita ubavuni mwa mji wa Moshi upande wa mashariki, ukanywesha migomba ya juu na mashamba ya mpunga ya chini, kisha ukaingia katika mto Ruvu. Maji hayo hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, hutoka humo kwa jina la Pangani, na mwisho humwagika Bahari ya Hindi penye mji wenye jina hilohilo. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 na kusogezwa hadi Arusha mwaka 1929, hufuata bonde hilohilo kwa kwenda kinyume: maji yanashuka kuifuata bahari, nayo reli inaiacha bahari na kuupandia mlima. Kwa njia hiyo walikuja askari wa Kaiser, makarani wa Kihindi, wafanyabiashara wa pwani na wakulima wa kahawa kutoka Ugiriki. Na kwa njia hiyo, tangu mwaka 1942, wakapita Moshi watu ambao mlima haukuwa umewatazamia: wanawake na watoto wa Kipolandi, waliodhoofu kwa njaa na homa, wakielekea mahali paitwapo Tengeru, chini ya mlima Meru.

Wahenga wa Kiswahili walilipima jambo la mgeni kwa siku. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkumbusha mgeni asijikalishe kama bwana harusi. Lakini ina upande wa pili usiotajwa sana. Jembe ni mzigo, na papo hapo ni heshima. Anayepewa jembe amepewa na pa kulimia. Amekwisha kutolewa katika hesabu ya wapita njia na kuingizwa katika hesabu ya wenyeji. Historia ya makazi ya wakimbizi, ya mbali na ya karibu, inaweza kusomwa yote kwa swali moja: je, siku ya tatu ilifika, na jembe lilitolewa?

Mfano mkubwa wa karne iliyopita uko Ugiriki. Mwezi Septemba 1922 mji wa Smyrna, katika pwani ya Asia Ndogo, uliteketea kwa moto baada ya jeshi la Wagiriki kushindwa na jeshi la Waturuki, na mamia ya maelfu ya Wakristo wa pwani ile wakasongamana gatini wakingojea merikebu. Tarehe 30 Januari 1923, mjini Lausanne, serikali za Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Kigezo kilikuwa dini. Waorthodoksi wa Uturuki walihesabiwa kuwa Wagiriki, ijapokuwa miongoni mwao walikuwapo wasiojua ila Kituruki. Waislamu wa Ugiriki walihesabiwa kuwa Waturuki, ijapokuwa wale wa kisiwa cha Krete lugha yao ilikuwa Kigiriki. Watu wa Istanbul na wa Thrace ya Magharibi ndio walioachwa. Kwa ujumla watu zaidi ya milioni moja walikimbilia au kuhamishiwa Ugiriki, nchi ambayo yenyewe ilikuwa na watu wapatao milioni tano tu, na Waislamu wapatao laki nne wakapelekwa upande wa pili. Sensa ya Ugiriki ya mwaka 1928 iliwahesabu wakimbizi kuwa 1,221,849. Kwa kila wenyeji wanne, basi, aliingia mgeni mmoja.

Mji wa pwani wa Nea Moudania, katika rasi ya Chalkidiki, ulizaliwa na balaa hilo. Waanzilishi wake walitoka Moudania, bandari ndogo ya bahari ya Marmara ambayo Waturuki huiita Mudanya. Ulimwengu unaikumbuka kwa mkataba wa kusimamisha vita uliotiwa saini humo tarehe 11 Oktoba 1922. Walipofika ng'ambo waliupa ufuo mpya jina la kwao, wakalitanguliza neno moja tu, Nea, yaani mpya. Ugiriki nzima imejaa majina ya namna hiyo: Nea Smyrni, Nea Ionia, Nea Kallikrateia. Jina la namna hii ni kilio na hati kwa pamoja. Linasema tulikotoka kumepotea, na linasema pia kwamba tulipo ndipo petu.

Lakini majina peke yake hayajengi mji. Mwaka 1923 iliundwa Tume ya Makazi ya Wakimbizi chini ya Shirikisho la Mataifa, na kazi yake ikaendelea hadi 1930. Ilikopa fedha katika masoko ya Ulaya, ikapima viwanja, ikajenga nyumba, ikagawa mbegu, ng'ombe na majembe. Huko Chalkidiki ardhi nyingi iliyokuwa milki ya monasteri za Mlima Athos ilichukuliwa na kukatwa vipande kwa ajili ya wageni. Zaidi ya yote, mkataba wa Lausanne ulikuwa umewafanya raia tangu walipotia mguu nchini. Mkimbizi alipiga kura, aligombea, alishitaki, aliuza na kununua.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa asali. Wenyeji wengine waliwaita wageni hao mbegu za Kituruki. Malaria ya mabonde ya Makedonia iliwaua wengi katika miaka ya mwanzo. Nyumba na mashamba mengi waliyopewa yalikuwa ya Waislamu waliofukuzwa, nao wakiomboleza makwao upande wa pili wa bahari. Jembe la mgeni mmoja lilikuwa limenyang'anywa mkononi mwa mgeni mwingine. Hata hivyo, baada ya kizazi kimoja palikuwa na mji. Leo Nea Moudania ni mji wa wavuvi na wafanyabiashara, na mtoto anayezaliwa humo huitwa mwenyeji.

Wagiriki hawakuwa watu wa mbali kwa Moshi. Walianza kuja katika zama za Wajerumani, wengi wao wakifuata kazi za ujenzi wa reli, na baadhi yao wakabaki kulima. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mashamba ya Wajerumani yalipotwaliwa kama mali ya adui na kuuzwa, Wagiriki walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Wakawa jamii kubwa ya wakulima wa kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hadi serikali ya Tanzania ilipotaifisha mashamba ya walowezi mkoani Kilimanjaro mwaka 1973. Kwa hiyo katika mwongo uleule ambao nchi ya Ugiriki ilikuwa ikitafuta ardhi ya kuwapa wakimbizi wake, wana wake wengine walikuwa wakinunua ardhi huku, juu ya mito ambayo Wachagga waliichimbia mifereji kwa vizazi. Ardhi ya Kilimanjaro tayari ilikuwa imekuwa haba kwa wenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mji wake wa namna ya Moudania miaka hamsini kabla ya Lausanne. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshurutisha Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini, na mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huo baada ya vitisho vya manowari. Watumwa waliokamatwa majahazini ilibidi watafutiwe pa kushukia. Misheni ya CMS ya Uingereza ilinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na tangu 1875 makazi ya Frere Town yakaanza kupokea waliookolewa: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watu wasiokuwa na ukoo wala kaburi la babu katika pwani ile. Viongozi wao wa mwanzo walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India, ambao nao waliokolewa kutoka majahazini wakiwa watoto. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono ya ushemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington.

Ni kutoka Frere Town ndiko Hannington alikosafiri mwaka huohuo wa 1885 hadi Moshi kwa Mangi Rindi, yule ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Misheni ya CMS ikafunguliwa Moshi, na ghala yake ya watu na mali ikawa ni mji ule wa waliookolewa. Ilidumu hadi mwaka 1892, Wajerumani walipoituhumu kuwa inawapatia watu wa Mangi Meli bunduki. Wamisionari wakahamia Taveta, na Walutheri wa Leipzig wakaishika nafasi yao mwaka uliofuata. Hivyo uzi wa ukimbizi wa pwani ulikwisha kufika mlimani kabla ya reli.

Frere Town haikufa. Kengele yake imekipa kitongoji jina la Kengeleni hata leo. Shule ya theolojia iliyoanzishwa hapo mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930 na kuzaa chuo kikuu. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtu aliyeokolewa utumwani, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu ambacho wahakiki wamekilaumu kwa kuwatukuza mno Waingereza, lakini ambacho kimebaki kuwa shahidi wa jinsi watu wa makabila kumi na zaidi walivyogeuka kuwa jamii moja yenye lugha moja, Kiswahili. Jembe walipewa. Walichopungukiwa ni ardhi yenyewe, kwa kuwa ilikuwa ya misheni, na mkaaji aliishi kwa kanuni za misheni. Walikuwa wenyeji wa pale kwa ruhusa ya mwingine.

Sasa turejee katika treni ya mwaka 1942. Tarehe 17 Septemba 1939, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuivamia Polandi kutoka magharibi, jeshi la Kisovieti liliingia kutoka mashariki. Kuanzia tarehe 10 Februari 1940, katika baridi ya kupasua mawe, familia kwa maelfu zilitolewa nyumbani usiku na kupakiwa katika mabehewa ya mifugo kwenda Siberia, Kazakhstan na mikoa ya kaskazini mwa Urusi. Makosa yao yalikuwa ni kuwa wakulima waliopewa ardhi baada ya vita, walinzi wa misitu, maofisa, au wake na watoto wa watu hao. Hitler alipoishambulia Urusi mwezi Juni 1941, adui wa jana akawa mshirika. Kwa mapatano ya tarehe 30 Julai 1941 Wapolandi waliobaki hai waliachiliwa, na Jenerali Anders akaanza kuunda jeshi. Mwaka 1942, kwa awamu mbili, watu zaidi ya 110,000 walivushwa bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi nchini Uajemi. Karibu theluthi yao walikuwa raia. Wengi wa raia hao walikuwa wanawake na watoto, na watoto wengi walikuwa mayatima.

Wanaume walikwenda vitani, wakapigana hadi Monte Cassino mwaka 1944. Raia hawangeweza kubaki Uajemi daima. Wakagawanywa duniani kama shanga zilizokatikiwa uzi: India, Mexico, New Zealand, na takriban 18,000 Afrika ya Mashariki na Kusini. Uganda ilipata makazi ya Masindi na Koja. Tanganyika ilipata Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Tengeru, takriban kilomita 13 mashariki ya Arusha, karibu na ziwa Duluti, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko yote, ikafikia watu wapatao 5,000. Waliosafiri kwa reli, wawe wameshukia Tanga au Mombasa, ilibidi wapite Kahe, mahali reli hizo mbili zinapokutana, kisha Moshi. Aliyechungulia dirishani asubuhi isiyo na mawingu aliuona mlima wenye theluji. Kwa mtu aliyetoka Siberia theluji haikuwa pambo.

Walijengewa vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa, vyenye paa za makuti ya majani, vimepangwa safu kwa safu kama kijiji cha mchezo. Baada ya muda safu hizo zikawa na mitaa, na mitaa ikawa na bustani za maua mbele ya milango. Palikuwa na hospitali, shule za msingi na sekondari, shule ya kilimo, karakana za ushonaji, na shamba la kuwalisha wakaaji. Palikuwa na kanisa la Kikatoliki, na wachache wa Orthodoksi na wa dini ya Kiyahudi nao walisali kwa namna yao. Watoto walisoma historia na fasihi ya Polandi kwa Kipolandi, wakafundishwa mito ya nchi ambayo wengine wao waliiacha wakiwa wachanga. Wameru waliokuwa jirani walijenga, walipika, walilinda, waliuza ndizi na mayai. Watoto waliojifunza Kiswahili cha sokoni walikuwa wakalimani wa mama zao.

Kwa macho ya nje Tengeru ilikuwa mji, tena mji mkubwa kuliko mingi ya Tanganyika ya wakati ule kwa idadi ya Wazungu wake. Lakini msingi wake haukuwa wa mji. Serikali za makoloni ziliwapokea kwa sharti kwamba vita vikiisha wangeondoka, na kwamba gharama zingebebwa na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London pamoja na Waingereza. Hawakupewa ardhi yao wenyewe. Hawakuwa na haki ya kuchagua makazi. Na watawala walikuwa na hofu nyingine, isiyosemwa kwa sauti kubwa. Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya ngazi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Mzungu aliyelima kwa mikono yake, aliyevaa nguo za msaada, aliyenunua ndizi kwa kupigania bei na mwanamke wa Kimeru, aliitikisa ngazi hiyo. Afadhali akae kambini, aonekane kidogo, na aondoke mapema.

Vita vilikwisha, na ndipo ukimbizi ukaanza upya. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, wakubwa watatu walikubali kwamba mashariki ya Polandi ibaki mikononi mwa Urusi. Nyumba za wakaaji wengi wa Tengeru zilikuwa huko huko. Lwów ikawa mji wa Ukraine ya Kisovieti, Wilno ikawa Vilnius ya Lithuania. Mwezi Julai 1945 Uingereza iliitambua serikali mpya ya Warsaw na kuacha kuitambua ile ya London. Katika siku chache mwenye nyumba hakuwa na nyumba, na mwenye serikali hakuwa na serikali. Kurudi ilikuwa ni kurudi mahali pengine, chini ya watu walewale waliowapakia mabehewani. Wachache walirudi. Wengi walikataa.

Jukumu lao likahamishwa kutoka ofisi hadi ofisi, na mwaka 1947 likafika kwa Shirika la Kimataifa la Wakimbizi. Wenye jamaa katika jeshi la Anders walikwenda Uingereza. Wengine walipata njia ya Australia, Kanada na Marekani. Mwaka 1949 mayatima wapatao 150 walitolewa Tengeru na kupelekwa Kanada kupitia Italia na Ujerumani, huku serikali ya Warsaw ikipiga kelele kwamba watoto wake wanaibwa. Watoto hao walikuwa wamevuka Siberia, Kaspi, Uajemi na Bahari ya Hindi; sasa wakavuka Atlantiki. Miaka ya 1950 ilipoanza, vibanda vilikuwa vikibaki vitupu mmoja baada ya mwingine, na makazi yakafungwa. Walioruhusiwa kubaki Afrika Mashariki walihesabika.

Hapa kisa kingeweza kuisha kwa huzuni ya kawaida, na ndivyo kinavyosimuliwa aghalabu: watu waliteseka, Afrika ikawapokea kwa ukarimu, wakaondoka na kumbukumbu njema. Usimulizi huo si uongo. Una upungufu mmoja tu, kwamba unawasahau waliokuwa na ardhi yenyewe.

Tengeru ni nchi ya Wameru. Milima ya Meru na Kilimanjaro ilikuwa imezungushiwa mashamba ya walowezi tangu enzi ya Wajerumani, na watu wa miteremko wakabanwa kati ya shamba la Mzungu chini na msitu wa serikali juu. Baada ya vita serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Ripoti yake ilipendekeza mabadilishano ya ardhi, ambayo kwayo ukanda wa Sanya, kati ya milima hiyo miwili, ungekuwa wa walowezi watupu. Wameru waliokuwa Engare Nanyuki ilibidi wahamishiwe Kingori, kwenye joto na maradhi ya mifugo. Walikataa. Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951 polisi waliingia. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikateketezwa, na mifugo mingi ikapotea.

Tarakimu na miaka ziwekwe bega kwa bega. Upande wa kusini wa mlima Meru, vibanda vya wakimbizi 5,000 vilikuwa vikifungwa. Upande wa kaskazini wa mlima huohuo, serikali ileile ilikuwa ikiwafanya wakimbizi watu 3,000 waliozaliwa hapo. Wale wa kwanza waliambiwa kwamba hapa si kwenu, rudini kwenu. Hawa wa pili waliambiwa kwamba hapa ni kwenu, lakini ondokeni. Mpolandi alinyimwa jembe, Mmeru alinyang'anywa. Na aliyeshika hesabu za majembe alikuwa mmoja.

Wameru hawakukaa kimya. Moshi alikuwapo mwanasheria Earle Seaton, Mwafrika wa kisiwa cha Bermuda, aliyeshughulikia mashauri ya Waafrika wa eneo hilo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kwa sababu hiyo palikuwa na mlango wa kubisha zaidi ya London. Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, alisafiri hadi New York, na katikati ya mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kuwasemea watu wake. Ardhi haikurudishwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia, na shauri la Wameru likawa moja ya mashina ya mwamko uliozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo. Kutoka mji wa Moshi, penye kituo cha treni iliyowaleta wakimbizi wa Kipolandi, zilitoka pia hoja za kuwatetea wakimbizi wa nyumbani.

Ni vigumu kujua kama mwanamke wa Kipolandi aliyefunga virago vyake Tengeru na mwanamke wa Kimeru aliyekuwa akiuza ndizi mlangoni pake waliwahi kuonana kama watu wa mkasa mmoja. Lugha ya utawala haikuwapa neno la kuitana. Mmoja aliitwa mkimbizi, mwingine mhamishwaji. Mmoja alikuwa na shirika la kimataifa, mwingine alikuwa na wakili mmoja na nauli iliyochangwa na wakulima. Lakini wote wawili waliijua ile sauti ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango na kusema tokeni.

Leo uwanja wa kambi ya Tengeru uko ndani ya eneo la chuo cha mafunzo ya mifugo. Wanafunzi hupita kwenda madarasani. Vibanda vya duara havipo tena. Kilichobaki ni makaburi, yapatayo 150, yaliyozungushiwa ukuta na kutunzwa: Wakatoliki kwa wingi, na kando yao Waorthodoksi na Wayahudi. Wengi waliuawa na malaria na udhaifu walioubeba kutoka Siberia. Majina yamechongwa kwa lugha ambayo wapita njia hawawezi kuitamka. Wajukuu huja kutoka London, Toronto na Warsaw, wakaweka mishumaa na taji, wakaondoka. Ardhi pekee ambayo Wapolandi walipewa Tengeru kwa kudumu ni ile ya futi sita.

Nea Moudania, Frere Town na Tengeru zilianza kwa namna moja. Kila moja ilianza kwa watu walioshuka chomboni mikono mitupu, kwa chakula cha msaada, kwa safu za vibanda vilivyopangwa na mtu mwingine. Kilichozitenganisha si bidii ya wakaaji. Wapolandi walipanda maua na kujenga shule kama wengine. Si uzuri wa nchi. Tengeru ni nchi ya rutuba kuliko Chalkidiki. Zilitenganishwa na karatasi mbili: ya uraia na ya ardhi. Penye zote mbili pakawa mji wenye wenyewe. Penye ardhi ya kuazima pakawa mtaa wenye jamii imara na haki pungufu. Pasipo na hata moja pakawa makaburi. Na katika kila pahali karatasi hizo zilikuwa na jina la mtu wa tatu aliyefutwa: Mwislamu wa Makedonia, mtawa wa Athos, Mmeru wa Engare Nanyuki. Anayegawa ardhi kwa mgeni na asiulizwe ameitoa kwa nani huwa ameanzisha ukimbizi mwingine.

Tanzania huru ilijaribiwa kwa mtihani huohuo. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwavusha watu kwa maelfu hadi magharibi ya nchi, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walipewa mashamba, wakafyeka misitu, wakalima tumbaku na mahindi, wakajilisha na kuuza. Jembe, basi, lilitolewa mapema. Karatasi ilichelewa. Ilipokuja, ilikuja na sharti: wapewao uraia wahame makazi yale na kutawanywa mikoani. Watu waliojiona wamefika nyumbani wakatakiwa waondoke ili wawe wenyeji. Sharti hilo liliachwa baada ya miaka kadhaa ya mashaka, na mwishoni mwa mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa papo hapo. Kutoka kuvuka mpaka hadi kushika cheti ilikuwa miaka zaidi ya arubaini. Siku ya tatu ya methali ilikuwa ndefu hivyo.

Maji ya Rau yanaendelea kushuka kwenda Pangani. Hayaulizwi yametoka kwa nani, na kila shamba yanakopita huyaita yake. Binadamu hawezi kuishi kwa hukumu nyepesi kama hiyo, kwa maana ardhi ina mipaka na ina wenyewe, na mwenyeji aliyebanwa ana haki ya kuhoji. Lakini ukumbi wa kuhojiana uwe mmoja, na mgeni na mwenyeji waketi wote wawili, kila mmoja na jembe lake. Tengeru haikupata baraza la namna hiyo. Mpolandi alipelekwa bandarini, Mmeru akapelekwa Kingori, na waliokuwa wakiuziana ndizi na mayai hawakuulizwa neno.